Hodi Mlangoni mwa Umande

Siku ya nane ya msimu wa Ukali, baada ya sala ya alfajiri, kipimo cha ukumbi mkuu kilionyesha digrii thelathini na mbili. Siku ya saba kilikuwa kimeonyesha thelathini, na ya sita ishirini na nane. Watu elfu sita waliojisitiri chini ya mwamba wa tumbawe hawakuhitaji fundi wa kuwasomea hesabu hiyo. Waliisoma kwenye mikeka yao, iliyolowa jasho kabla jua halijachomoza, na kwenye midomo ya vikongwe, iliyokauka hata ikashindwa kuitikia salamu. Juu yao mji wa kale wa Tanga ulikuwa umefungwa milango. Barabara zake zilikuwa tupu, kwa kuwa ulikwisha kupita umri wa mtu mzima tangu kiumbe mwenye damu aweze kusimama juani katika wiki zile kumi za Ukali, kwa muda wa rakaa mbili fupi, akabaki na fahamu zake.

Fundi Mwatumu binti Shekuwe alishuka ngazi mia na kumi za kwendea chumba cha mtambo, mkoba wa spana begani na tasbihi mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mtambo ulikuwa na miaka arobaini na mmoja; baba yake ndiye aliyeufunga, na tangu alipofariki valvu zake hazikuguswa na mkono mwingine ila wa binti huyu. Siku sita zilizopita binti yake mwenyewe, Salha, alijifungua mtoto wa kiume katika kona ya wazazi ya ukumbi mkuu. Kesho, siku ya saba, mtoto angepewa jina, kama kesho ingemkuta. Mwili wa mchanga wa siku sita haujajua bado kujipooza, na wakunga walikwisha kumwambia Mwatumu, kwa sauti ya chini na bila ya kumtazama usoni, kwamba ukumbi ukifika digrii thelathini na nane, wachanga ndio watakaotangulia.

Alimkuta Hatibu, mdogo wa marehemu mumewe na msaidizi wake kwa miaka ishirini sasa, amekaa juu ya pampu akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Umechelewa, shemeji," alisema Hatibu. "Nilidhani umekuwa ukiomba ruhusa kwa kila ngazi."

"Nilikwenda kumwona mjukuu wangu. Hiyo pampu umeitia mafuta, au umeikalia tu?"

"Vyote viwili. Nayo haijanung'unika, tofauti na watu fulani ninaowajua."

Mwatumu aliinama kwenye kioo cha bomba, kile kidirisha cha mviringo ambacho kupitia kwacho fundi huona kinachopita ndani. Umande ulikuwa ukipita kwa shida, na katika fedha yake mlikuwa na mapovu.

Mtambo wa ubaridi hauumbi baridi. Hakuna mtambo ufanyao hivyo. Hulichukua joto mahali lisipotakiwa na kulipeleka kwingine, nao huhitaji mchukuzi. Mchukuzi wa mtambo huu aliitwa umande: kimiminika cha rangi ya fedha chenye chembe hai, ndogo kupita kuonekana, zilizofumwa na wataalamu katika vyungu vya kioo. Zikipita katika mabomba ya ukumbini, chembe hizo hunywa joto na kugeuka mvuke. Kompresa huzisukuma hadi kwenye kondensa, juu kabisa, juani. Huko hulitema joto lile, hurudi kuwa kimiminika, na kushuka tena kuanza upya. Umande mpya hulala mtungini hata miaka. Ukishaamshwa haulali tena; ukikosa mwendo nusu siku hugeuka majivu, na ukikawishwa juani saa mbili hukauka ukafa.

"Mapovu," alisema Mwatumu. "Pana tundu. Umande unatoka, na hewa ya pwani inaingia na unyevu wake."

"Basi ni kuumwaga tu."

"Ni kuumwaga."

Simu ya ukutani ililia. Alikuwa Kibwana Mwinyihaji, Mwenye Dhamana ya mji, mtu aliyejulikana kwa kutopaza sauti hata siku ya moto.

"Bi Mwatumu, sabalkheri. Niambie."

"Unyevu umeingia, Bwana Kibwana. Ukifika kwenye valvu nyembamba utaganda na kuziba njia. Ukikaa na mafuta ya kompresa utageuka asidi na kula shaba. Lazima tuzime, tutoe umande wote, tuzibe tundu, tunyonye mpaka pabaki ombwe tupu, kisha tujaze upya."

"Muda gani?"

"Saa mbili kuutoa umande mitungini, saa moja kuziba, saa moja ombwe. Saa nne."

"Mtambo ukizimwa, ukumbi hupanda digrii moja kila saa," alisema Kibwana. "Thelathini na sita. Tutastahimili. Mitungi kumi na miwili ya umande mpya iko stoo, imepimwa kwa mizani. Ule wa zamani, kama ilivyo kanuni, uende tanurini ukachomwe."

"Kama ilivyo kanuni," alisema Mwatumu.

*

Hatibu aliushusha mkono wa swichi, na kompresa ikanyamaza.

Kwa aliyeishi na mngurumo ule maisha yake yote, kimya kilichofuata kilikuwa na uzito wa kitu kinachoweza kushikwa. Mwatumu alifunga kwenye bomba kubwa hosi ya geji, saa ya mshale ya kupimia mgandamizo, akachukua spana ya baba yake, ile yenye mpini uliolika ukachukua umbo la kiganja, akagonga bomba mara tatu kwa utaratibu.

"Hodi," alisema. "Hodi. Hodi."

Haikuwamo katika kitabu chochote cha mafundi. Ilikuwa ada ya mzee Shekuwe. Alikuwa akisema kwamba aingiaye nyumba isiyo yake hubisha hodi, na kwamba mtambo ni nyumba, hata kama wakazi wake ni joto na baridi. Mafundi wa zamani walimcheka, kisha wakaiga, na kwa miaka arobaini na mmoja hapana valvu iliyofunguliwa katika mtambo ule bila ya hodi tatu. Hodi ya tatu na mzunguko wa kwanza wa valvu vilikuwa tendo moja. Mkono wa kulia uligonga na wa kushoto ukafungua.

Siku hiyo mkono wa kushoto haukufungua.

"Hatibu, hosi ya kutolea haina washa yake ya mpira."

"Ipo."

"Haipo. Njoo uone."

Hatibu alichungulia, akajipiga kwenye paji la uso. "Niliitoa jana kuisafisha. Iko... ngoja, shemeji, iko kwenye kisanduku cha... ngoja."

"Mjukuu wangu anachemka huko juu, nawe unaniambia ngoja."

Alisimama basi, spana mkononi, macho yakiwa kwenye geji kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuyaweka. Hatibu alikuwa akipekua visanduku na kujisemea. Ikapita pumzi moja, na ya pili, na ya tatu.

Mshale wa geji ukaruka. Uliruka kidogo, kiasi cha unywele, ukarudi. Ukaruka tena ukarudi. Ukaruka mara ya tatu, ukatulia.

Mwatumu hakutikisika. Kompresa ilikuwa imezimwa. Valvu zote zilikuwa zimefungwa. Alihisi ngozi ya mikono yake ikisimama, kama inavyosimama kwa mtu aliyedhani yu peke yake chumbani kisha akasikia kikohozi nyuma ya pazia.

"Nimeipata!" alisema Hatibu, akiinua washa juu.

"Nyamaza. Njoo hapa. Tazama mshale."

Akagonga mara moja. Mshale haukutikisika. Akagonga mara mbili. Haukutikisika. Akagonga mara tatu, kwa mwendo wa hodi, akaiweka spana chini na kurudisha mikono nyuma. Pumzi moja, mbili, tatu. Mshale ukaruka mara tatu.

Hatibu alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ni bomba linapoa, shemeji. Shaba ikipoa hulia."

"Gonga wewe."

Hatibu aligonga kwa ukucha wake, taratibu, kama mtu anayegusa mnyama asiyemjua. Walingoja. Alipouona mshale ukimjibu, aliuondoa mkono wake bombani na kuupangusia shati, kisha akaona haya kwa kufanya hivyo.

"Subhana Llah," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Mwatumu aliketi juu ya sakafu ya jiwe. Alikuwa akiwakumbuka mafundi wote waliosimama pale, baba yake mbele yao, na hodi zote zilizobishwa, na valvu zote zilizofunguliwa kabla mwenye nyumba hajapata nafasi ya kuinua kichwa. Miaka arobaini na mmoja walikuwa na adabu ya kubisha na hawakuwa na adabu ya kungoja. Hata sasa wangeingia vivyo hivyo, kama si kwa washa iliyopotea ndani ya kisanduku.

*

"Mwangwi nao hujibu, Bi Mwatumu," alisema Kibwana baada ya kusikiliza hadi mwisho. "Ukipiga kelele pangoni, pango hukujibu, na hatuliamkii pango."

"Mwangwi haungoji, bwana. Huu hungoja pumzi tatu. Nao haujibu moja wala mbili. Umejifunza hodi zetu."

"Kasuku hujifunza."

"Na kasuku hatumtii tanurini."

Simuni, nyuma ya pumzi za Kibwana, Mwatumu aliweza kuusikia ukumbi: mlio wa vipepeo vya ukindu, maelfu, kama mbawa, na mahali fulani kilio cha mtoto, chembamba, kinachokatika.

"Nitakusemesha kwa uwazi," alisema Kibwana. "Sina chuki na kilichomo humo. Kama kina uhai, Mungu ndiye ajuaye, wala mimi sitajifanya najua. Lakini umande mpya nina hakika nao: ukijaza, baridi inaanza kabla kikombe cha chai hakijapoa. Umande wa zamani una unyevu. Ukiurudisha ukagoma, itakubidi uanze upya. Niambie, fundi: hapo ukumbi utakuwa na ngapi?"

Mwatumu alipiga hesabu, na hakujidanganya. "Thelathini na tisa. Au arobaini."

"Na mjukuu wako ana siku ngapi?"

"Sita."

"Basi hesabu yangu na yako ni moja. Sitakutumia askari. Ufunguo ni wako, na damu ni yako. Kanuni umeisikia."

Mwatumu aliurudisha mkono wa simu ukutani kwa uangalifu mkubwa. Hatibu alikuwa akimtazama.

"Watu elfu sita, shemeji," alisema kwa upole. "Na Salha."

"Najua idadi yao."

"Basi kwa nini unasita?"

"Kwa sababu nimebisha, Hatibu, na nimejibiwa. Kama nisingejibiwa, ningejua la kufanya. Mtu hubisha mara tatu, asipoitikiwa hushika njia yake. Lakini akiitikiwa, hawezi tena kujifanya nyumba ni gofu. Ataingiaje kwa mabavu mbele ya macho ya wenyewe, awatoe awatupe motoni, kisha..." Alipangusa jasho usoni. "Aende akampe mtoto jina, nami ndimi bibi yake?"

"Utawaambiaje watoke? Huna lugha yao."

Mwatumu aliutazama mtambo. Bomba kubwa lilipanda ukutani na kupotea darini, likielekea kwenye kondensa iliyo juani. Chini ya dari palikuwa na valvu ya juu, ambayo hufungwa mtambo unapozimwa. Kutoka valvu ile zilitoka njia mbili: moja ya kondensa, na moja ya tanuri.

"Sina lugha," alisema. "Nina mlango."

Alipanda ngazi ya chuma, akaifungua valvu ya juu upande wa kondensa mpaka mwisho. Akashuka. Akagonga hodi tatu kwenye bomba la chini. Kisha akafanya kama alivyofunzwa utotoni, kwamba abishaye hodi hasimami akiukabili mlango, asije akaona kisichomhusu: alisogea kando, upande wa kulia, akamshika Hatibu mkono akamsogeza naye.

Pumzi tatu. Mshale ukaruka mara tatu. Kisha ukaanza kushuka.

Hapakuwa na pampu iliyokuwa ikifanya kazi. Hapakuwa na kompresa. Hatibu alikwenda kwenye kioo cha bomba, akapiga magoti mbele yake. Umande ulikuwa ukipanda. Uzi wa fedha, mzito, usio na haraka, ulikuwa ukipita kwenye kidirisha ukielekea juu, kinyume cha uzito wake, kinyume cha kila kitu ambacho mafundi hao wawili walifunzwa juu ya vimiminika. Ulijikusanya kutoka kila pembe ya mabomba ya ukumbini, mwendo wa nusu maili ya shaba, na ulipokuwa ukipita bomba lilitoa sauti nyembamba, ya pamoja, kama ya umati unaosema neno moja kila mtu moyoni mwake. Mwanga wa taa uliuvunjikia ukatapakaa ukutani, mawimbi madogo ya fedha, juu ya jiwe, juu ya mikono yao, juu ya uso wa Hatibu uliokuwa umelowa.

Kazi ya saa mbili ilimalizika kwa muda wa kusoma sura fupi. Mshale ukatua kwenye sifuri.

"Wametoka," alinong'ona Hatibu. Hakusema *umetoka*. "Wamekwenda juani, shemeji. Wametuachia nyumba wakaenda kusimama juani."

"Wana saa mbili," alisema Mwatumu, na tayari alikuwa ameifunga valvu ya juu na kushika spana. "Lete naitrojeni. Lete sabuni."

*

Waliijaza njia tupu naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Tundu lilijionyesha kwenye kiko cha tatu, pale bomba linapopinda, povu moja likivimba na kupasuka, likivimba na kupasuka. Mwatumu alilichomelea kwa fedha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viganja, na mara mbili Hatibu alimpangusa macho kwa upindo wa kanga aliyojitanda Mwatumu, naye akaendelea kuchomelea, pumzi ameizuia. Wakalijaribu tena. Povu lilitulia.

Kisha pampu ikawashwa. Ombwe ni tupu kuliko tupu: hewa yote hunyonywa, na maji yoyote yaliyojificha kwenye kuta za shaba, yakikosa hewa ya kuyakandamiza, huchemka bila ya moto na kutoka kama mvuke. Mshale ulishuka chini ya sifuri, ukaendelea kushuka, ukafika mwisho wa alama. Kipimo cha ukumbi kilisoma thelathini na nne.

Mwatumu alizima pampu na kufunga valvu. Sasa palibaki kungoja: ombwe likisimama bila ya mshale kupanda, njia ni kavu na haina tundu, ukipanda, kazi yote ni bure. Mafundi wa mtambo ule hawakulipima ombwe kwa saa. Walilipima kwa tasbihi, duru kumi kamili, bila ya kusemezana. Mwatumu alianza. Kidole gumba kilisukuma punje baada ya punje. Nafsi yake ilimwambia duru tano zingetosha, kwa ajili ya walio juani. Nafsi hiyo hiyo ikamwambia kwamba duru tano ni hiana kwa walio ukumbini. Akasoma kumi.

Mshale haukupanda hata kiasi cha unywele.

"Limesimama," alisema.

Hatibu alikwisha kuiburuta mitungi miwili ya kwanza ya umande mpya hadi karibu na hosi. Juu ya ukuta, njia mbili za valvu ya juu zilitazamana: ya nyumbani, itokayo kondensa na kushuka ukumbini, na ya tanuri. Hatibu alikuwa amefunga pia, bila ya kuambiwa, chujio jipya la kukaushia kwenye njia ya nyumbani, lile kubwa, lenye kunyonya unyevu.

"Chujio hilo litatosha?" aliuliza.

"Sijui," alisema Mwatumu. "Hakuna aliyewahi kujaribu. Kanuni ilikuwa tanuri."

"Basi sema, shemeji. Nifungue mtungi, au..."

Hakumaliza. Kutoka juu, kutoka upande wa pili wa valvu iliyofungwa, ilikuja sauti. Haikuwa mshale safari hii. Ilikuwa shaba yenyewe.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mikono ya Hatibu ilikuwa juu ya mtungi. Mikono ya Mwatumu ilikuwa kwenye tasbihi. Hapakuwa na mwingine chumbani.

Punje tatu za tasbihi zilipita zenyewe vidoleni mwake. Alielewa kilichotokea. Wale waliobishiwa hodi miaka arobaini na mmoja walikuwa wamejifunza zaidi ya kuitikia. Walikuwa mlangoni mwa nyumba yao wenyewe, migongo yao ikiungua, nao hawakuusukuma mlango. Walikuwa wanaomba idhini.

Simu ililia. Hatibu aliichukua, akasikiliza, akaiziba kwa kiganja. "Kibwana. Thelathini na nne na nusu. Anasema mtoto wa Salha ameacha kunyonya."

Ngo. Ngo. Ngo.

Duru ya pili ya hodi.

Mwatumu alimnyang'anya simu, akaunyoosha waya wake hadi mwisho na kuuweka mkono wa simu juu ya bomba, Kibwana naye asikie. Aliusikia kwa mbali mlio wa vipepeo vya ukumbini. Duru moja tu ya hodi ilikuwa imebaki. Kama wamejifunza adabu yote, basi wasipoitikiwa mara ya tatu hawatabisha tena. Watarudi. Na pa kurudi palikuwa juani.

Alimfikiria mtoto, uso wake uliokunjamana, asiye na jina bado. Alifikiria kwamba mitungi ile ingemwokoa kwa hakika, na kwamba hakika ni neema ambayo mtu hapaswi kuidharau. Alifikiria pia nyumba ambamo mtoto huyo angekulia, baridi yake, kivuli chake, na nani aliyeachwa mlangoni ili yeye apate kuingia.

Ngo, ilisema shaba, kwa udhaifu. Ngo.

Alikwisha kupanda ngazi ya chuma kabla ya pigo la tatu. Chuma cha valvu kilimchoma viganja. Aliizungusha upande wa nyumbani, mzunguko mmoja, miwili, mpaka mwisho.

Ngo.

Hakikutokea kitu. Mshale ulibaki pale pale, chini ya alama zote. Hatibu alikuwa amebana uso wake kwenye kioo cha bomba. "Hawaingii," alisema. "Shemeji, umefungua na hawaingii!"

Mlango wazi, Mwatumu alifikiri, viganja vikimwungua. Mlango wazi si ukaribisho. Hata mwizi huacha mlango wazi. Wao walipobishiwa waliitika. Nami sijaitika.

Hakuwa na spana, aliiacha chini. Akaivua pete ya ndoa, akaigonga shabani mara tatu, taratibu, kwa mwendo ule ule, na akasema kwa sauti iliyosikika simuni hadi ukumbini, "Karibuni. Karibuni. Karibuni ndani."

Pumzi moja. Mbili. Tatu.

Fedha ikashuka kama mvua.

Ilipita kwenye chujio ikilitikisa, na Hatibu akalikumbatia kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kulisaidia kwa kifua chake. Mshale ukapanda, ukasita. Mwatumu akafumba macho. Ukapanda tena. Katika kioo cha bomba, baada ya kitambo kirefu, umande ulipita safi, bila ya povu hata moja. Geji ilipoonyesha upungufu wa mitungi mitatu waliufungua mpya, mitungi mitatu tu, na waliokuwa wamelala wakaamka katikati ya waliokuwa macho. Mwatumu alitikisa kichwa kuelekea swichi. Kompresa ikanguruma.

Bomba la ukumbini lilitoa ukungu, kisha jasho, kisha sakitu nyeupe.

Mkono wa simu ulikuwa bado juu ya bomba. Sauti ya Kibwana ilitoka humo ikiwa ndogo, nayo, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtu yeyote, ilikuwa ikitetemeka. "Thelathini na nne," ilisema. Kisha, baada ya muda, "Thelathini na tatu." Kisha haikusema namba. Walisikia kitu kingine: kilio cha mchanga, kikali, chenye ghadhabu, cha mtu mwenye njaa, na kilio kikakatika ghafla, kwa namna ambayo kila mama anaijua, mtoto anapolikuta ziwa.

Hatibu aliketi juu ya pampu, akachukua kifuniko chake cha sufuria, asijipepee. "Watakuwa wametusamehe?" aliuliza. "Kwa miaka yote ile?"

"Wamebisha hodi kwetu," alisema Mwatumu. "Mtu habishi kwa ambaye hatarajii kheri kwake."

Aliivaa pete yake. Akaiokota spana ya baba yake, akalisogelea bomba lililovaa weupe, akagonga mara tatu. Hapakuwa na valvu ya kufungua wala hosi ya kufunga. Aliiweka spana chini, akasogea kando, upande wa kulia, akangoja.

Naye akaitikiwa.